Wapenzi wa injini wa Aru waanze kujifunza umeme sasa

Mji wa Aru, kaskazini mwa jimbo la Ituri, hauna uwanja wa mbio za magari wala duka linalouza Ferrari. Una pikipiki. Ziko kwenye parkingi za wamotari karibu na soko, ziko kwenye njia ya mpakani kuelekea Vurra upande wa Uganda, ziko kwenye barabara ya vumbi jekundu ya Ariwara. Na palipo na pikipiki nyingi hivyo, wapenzi wa injini hawakosekani. Kuna vijana wanaoweza kutofautisha Boxer na TVS gizani kwa kusikia mlio tu. Kuna wanaofuata kwenye simu mbio za Safari Rally za Kenya na Pearl of Africa za Uganda, na wanaoijua Subaru Impreza kuliko walivyojua masomo yao ya shule.

Kwa watu hao, swali linalowagawa wapenzi wa magari ya kasi duniani limeshafika mlangoni: je, mtu anayependa injini akubali umeme, au abaki na mafuta hadi mwisho? Ulaya na Marekani swali hilo ni la ladha na la mfuko. Aru ni la sufuria. Pikipiki ambayo kijana anaing'arisha Jumapili ndiyo inayolisha nyumba yake Jumatatu. Ndiyo inayombeba mama mjamzito usiku kwenda hospitali, na ndiyo inayotoa magunia ya maharage na mihogo vijijini mpaka sokoni. Atakayekosea kuchagua hapa hapotezi fahari peke yake.

Jibu sahihi ni ndiyo, wakubali. Lakini ndiyo hiyo ina masharti, na inafaa masharti hayo yawekwe na watu wa Aru wenyewe kabla mfanyabiashara wa kwanza hajavuka mpaka na shehena ya pikipiki zisizo na mlio.

Mlio si kasi

Hoja ya kwanza ya wapinzani wa umeme ni ya moyoni: chombo kisichonguruma hakina roho. Hoja hiyo isidharauliwe. Mlio wa injini si kelele tupu kwa mtu anayeujua. Fundi mzuri wa Aru husikiliza pikipiki kabla hajashika spana, na kwa sikio lake anajua kama tatizo ni bujia, ni mnyororo uliolegea au ni oili iliyokwisha nguvu. Dereva naye hubadilisha gia kwa kusikia, bila kutazama chochote. Ujuzi huo umejengwa kwa miaka, na mtu hawezi kuambiwa autupe kama ganda la ndizi.

Lakini mlio si kasi. Injini ya esansi haina nguvu nyingi inapozunguka polepole. Ndiyo maana ina klachi na gia: lazima kwanza ipandishwe mizunguko ndipo ivute sawasawa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta tangu gurudumu likiwa bado limesimama. Kila mmotari aliyewahi kupandisha kilima akiwa na abiria wawili na gunia, akarudisha gia ya kwanza huku injini ikilia kama inakata roho, anaelewa maana ya tofauti hiyo bila kufundishwa fizikia.

Kwenye magari ya kasi, ubishi huo umekwisha kwa upande wa namba. Rimac Nevera, gari la umeme linalotengenezwa Kroatia, hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa muda usiofika sekunde mbili. Mfano mkubwa zaidi ulitokea mlimani. Mwaka 2018, kwenye mbio za kupanda Pikes Peak huko Colorado, Marekani, Mfaransa Romain Dumas akiendesha gari la umeme la Volkswagen I.D. R alifika kileleni kwa dakika 7 na sekunde 57. Hakuna aliyewahi kushuka chini ya dakika 8 kabla yake. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali mara 9, aliyetumia dakika 8 na sekunde 13 mwaka 2013 kwa gari la esansi la Peugeot.

Sababu ya ushindi huo inamhusu hata mtu wa Ituri. Kilele cha Pikes Peak kiko mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya mafuta inahitaji hewa ili iunguze. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mota ya umeme haivuti pumzi, kwa hiyo haipotezi kitu. Aru iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na pikipiki zake zote za esansi zinalipa ushuru huo wa hewa kila siku bila wenyewe kujua.

Mbio zenyewe zimesema nini

Wanaotaka kusikia kwamba umeme umeshashinda kila mahali nao wataambiwa ukweli. Mashindano hayajatoa jibu moja.

Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kama mbio za kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Mwaka uliofuata magari ya daraja la juu yalifika Naivasha yakiwa na injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme ya kilowati 100. Watu wengi walidhani vumbi laini la Bonde la Ufa, mawe na maji vitaua mitambo hiyo. Kalle Rovanperä wa Finland alishinda kwa Toyota, na Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Vumbi la Afrika Mashariki halikuuzima umeme.

Hata hivyo, mwaka 2025 magari hayo hayo yalirudi kwenye injini ya mafuta peke yake. Shirikisho la magari duniani, FIA, liliondoa mota hizo kwa sababu ya gharama na ugumu wake. Nayo kampuni ya Porsche, iliyoanza kuuza Taycan ya umeme mwaka 2019 na kupokelewa kwa shangwe, mwaka 2025 ilitangaza kuchelewesha baadhi ya mipango yake ya umeme kwa kuwa wateja hawakuja kwa kasi iliyotarajiwa.

Mtu mwenye busara atajifunza nini hapo? Kwamba umeme unaweza kazi, hata kwenye vumbi. Na kwamba uwezo wa chombo ni kitu kimoja, uwezo wa kukitunza, kukilipia na kukichaji ni kitu kingine. Wenye fedha za Toyota na FIA wamelalamikia gharama. Kijana wa Ariwara anayelipa pikipiki yake kidogo kidogo kila wiki ana haki ya kuuliza mara mbili.

Majirani hawasubiri

Pamoja na hayo, kuuliza si kulala. Nchi jirani zimeshaondoka.

Rwanda ndiyo iko mbele. Kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha pikipiki-taksi za umeme Kigali mwaka 2019, kwa mtindo wa kubadilishana betri: dereva anafika kituoni, anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka ndani ya dakika chache. Kuanzia Januari 2025, serikali ya Rwanda iliacha kusajili pikipiki-taksi mpya za esansi jijini Kigali. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari binafsi yanayotumia mafuta. Kenya na Uganda zina kampuni zinazounganisha pikipiki za umeme na kufungua vituo vya betri. Uganda ilionyesha gari lake la kwanza la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, kazi ya walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, na sasa Kiira Motors ina kiwanda cha mabasi Jinja.

Aru inaihusu Uganda kuliko inavyoihusu Kinshasa. Shilingi ya Uganda inatumika sokoni, bidhaa zinatoka Kampala kupitia Arua, na pikipiki nazo zinapita njia hiyo hiyo. Kitakachozoeleka Kampala leo kitaonekana Arua kesho na Ariwara kesho kutwa. Hivyo ndivyo Boxer ilivyofika. Hakuna aliyepiga kura ili ije.

Hatari iko hapo. Nchi kubwa inapoachana na kitu, masalia yake hutafuta soko kwa jirani asiye na sheria. Pikipiki za esansi zilizochoka zitasukumwa kuvuka mpaka kwa bei ya kutupa, na pamoja nazo betri za umeme zilizokwisha nguvu zitauzwa kama mpya kwa mtu asiyejua kuzipima. Asiyejua umeme ndiye atakayeuziwa umeme mbovu.

Umeme wa Aru unatoka wapi?

Hoja nzito kuliko ya mlio ni hii: pikipiki ya umeme itachajiwa wapi, wakati nyumba nyingi hazina hata taa ya uhakika? Nchini Kongo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme, ingawa mito ya nchi ingeweza kutoa megawati 100,000. Bunia yenyewe bado inategemea kituo cha Budana, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Aru inaishi kwa sola na jenereta.

Hesabu ifanyike basi, maana bila hesabu mjadala huu ni kelele za parkingi. Pikipiki ya kawaida ya esansi hutumia karibu lita 2.5 kwa kilomita 100. Ya umeme, ikiwa na mzigo, hutumia kilowati-saa 3.5 hadi 4 kwa umbali huo huo. Lita moja ya esansi ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, kwa hiyo pikipiki ya mafuta inameza zaidi ya 22 ili kufanya kazi ambayo ya umeme inaifanya kwa 4. Iliyobaki inatoka kama joto na moshi. Mwenye Boxer ananunua lita tano, nne zinapasha hewa joto.

Mmotari anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, anateketeza lita 15 kila wiki, yaani lita 700 na zaidi kwa mwaka. Kila msomaji azidishe kwa bei ya chupa ya Kadhafi wa mtaani kwake, aone mwenyewe ni fedha ngapi.

Je, jenereta inaweza kuchaji? Hapa wauzaji wajanja watawadanganya watu. Jenereta ndogo ya esansi hutoa kilowati-saa moja au moja na nusu tu kwa lita. Kujaza betri ya kilomita 100 kwa jenereta hiyo kutakula lita tatu au zaidi, yaani zaidi ya lita ambazo Boxer ingekunywa. Pikipiki ya umeme inayochajiwa kwa jenereta ndogo ni pikipiki ya esansi iliyozungushwa njia ndefu. Yeyote anayepanga kufanya hivyo aache.

Jua ndilo jibu. Aru iko karibu na ikweta, na jua lake halina msimu wa kupotea kabisa. Paneli moja ya wati 400, siku yenye jua zuri, inaweza kuweka kwenye betri kilowati-saa 1.4 hivi baada ya kutoa kinachopotea njiani. Paneli tatu zinatosha kilomita 100. Si kitu cha ajabu: kuna maduka na kliniki zenye paneli zaidi ya hizo juu ya paa.

Tatizo ni moja, na si dogo. Jua linawaka wakati pikipiki iko barabarani. Dereva hawezi kuipaki kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi ili ichajiwe. Kwa hiyo lazima kuwe na betri ya pili, au kituo cha kubadilishana betri. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye pikipiki hiyo. Mtu mmoja mmoja hatamudu mbili. Watu ishirini kwa pamoja wanaweza.

Mifano ya umeme wa jua kwa mji mzima haiko mbali. Kampuni ya Nuru iliwasha Goma mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020, na ina mtandao mdogo Faradje, eneo linalopakana na Aru upande wa Haut-Uélé. Upande wa pili wa mpaka, Arua kwa miaka mingi iliishi kwa mitambo ya mafuta mazito na maji ya Nyagak yenye megawati 3.5 tu, kabla ya West Nile kuunganishwa na gridi ya taifa ya Uganda katika miaka hii ya karibuni. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa mwaka 2024. Umeme unaozidi Uganda uko mwendo wa muda mfupi kutoka Aru. Kuuvusha ni kazi ya serikali mbili kukaa na kuandika mkataba, na wabunge wa Aru wana sababu ya kuulizwa wamefikia wapi.

Nani atashika funguo?

Inabaki hoja ya mafundi, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Boxer ikiharibika kati ya Aru na Ingbokolo, hata kijijini atapatikana mtu mwenye spana, waya na akili, naye ataifufua. Pikipiki ya umeme ikigoma hapo, kosa linaweza kuwa ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa gundi, chenye programu ambayo fundi hana ruhusa ya kuifungua. Gari la kasi la Ulaya likikwama, mwenye nalo anapiga simu na lori linakuja. Mmotari wa Aru akikwama, watoto wake wanalala bila kula.

Kuna na suala la betri ya kukodi. Kwa mtindo wa kubadilishana, dereva mara nyingi anamiliki chuma na magurudumu, kampuni inamiliki betri. Ni nafuu kuanza, na ndiyo iliyofanikisha kazi Kigali. Lakini betri ya namna hiyo inaweza kuzimwa kutoka mbali dereva akichelewa kulipa, na kampuni ikiondoka, chombo chake kinageuka kuwa baiskeli nzito isiyo na pedali. Watu wa mpakani wanajua mambo haya. Mwaka 2020, wakati wa Covid, mpaka ulifungwa kwa wasafiri na wafanyabiashara wadogo wakaumia. Kuitegemea kampuni moja iliyoko ng'ambo kwa kila kilomita ni kuweka shingo kwenye kamba ya mtu mwingine.

Wapinzani wa umeme hupenda kuishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kwani esansi shingo yake iko wapi? Mafuta ya Aru yanashushwa Kenya pwani, yanavuka Uganda nzima, ndipo yanafika kwa Kadhafi na chupa zake. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Covid, na bei ya esansi ikapaa Uganda nzima kwa siku chache. Mwezi uliofuata vita vya Ukraine vikaanza, bei ikapanda tena duniani kote. Hakuna mtu wa Aru aliyeulizwa. Jua halivuki Malaba.

Tofauti kati ya utegemezi huu na ule ni kwamba wa umeme unaweza kupunguzwa kwa ujuzi. Kijana wa Aru hawezi kuchimba na kusafisha mafuta nyuma ya nyumba yake. Anaweza kujifunza kupima seli za betri, kubadilisha ile iliyokufa, kutengeneza waya, kufunga paneli na kurekebisha mota, ambayo kwa kweli ina vipande vichache vinavyosogea kuliko injini. Haina bujia, haina kabureta, haina oili ya kubadilisha kila mara. Fundi aliyeweza kuzibua kabureta kwa unyoya wa kuku hatashindwa na multimita. Atakachohitaji ni kufundishwa, kwa sababu umeme wa betri hizo unaweza kumchoma au kuwasha moto akiucheza ovyo.

Madini ni yetu, betri ni ya nani?

Kuna jambo moja linaloufanya mjadala huu uwe mchungu zaidi kwa Mkongomani kuliko kwa mpenzi wa Porsche kule Stuttgart. Takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Shaba ya kutengenezea mota na waya nayo inatoka huko kwa wingi. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na Oktoba ikaweka viwango maalumu vya kuuza. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kujenga pamoja mnyororo wa kutengeneza betri. Hadi leo betri inayoingia Kongo inatoka kiwandani Asia.

Watu wengine husema: kwa kuwa madini hayo yanachimbwa kwa mateso, na watoto wamo mashimoni Kolwezi, basi kuukubali umeme ni kuyakubali mateso. Uchungu huo ni wa haki, lakini hitimisho halifuati. Betri za pikipiki nyingi za kisasa ni za lithiamu na chuma, hazina kobalti kabisa; na esansi nayo ina damu yake, kuanzia Delta ya Niger hadi kwingineko. La maana zaidi ni kwamba Mkongomani kubaki kwenye Boxer hakutamwokoa mtoto yeyote Kolwezi. Kutamfanya tu asiwe na sauti kwenye biashara inayoendelea bila yeye. Nchi yenye mafundi wanaoelewa betri inaweza kudai kiwanda. Nchi yenye wachimbaji peke yao itaendelea kudai ushuru.

Kinachofaa kufanywa

Mpenzi wa injini wa Aru haombwi auze Boxer yake kesho. Injini ya esansi itakaa barabarani Ituri kwa miaka mingi bado, na anayeipenda aendelee kuitunza. Anachoombwa ni kuwa wa kwanza kuujua umeme, kwa sababu yeye ndiye mwenye sikio, mikono na hamu. Wasiopenda vyombo hawatafanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Vyama vya wamotari vianze na pikipiki chache za majaribio, mbili au tatu, zinunuliwe kwa mchango na ziendeshwe kwenye njia halisi: Aru hadi Ariwara, kiangazi na masika, na mzigo halisi. Kilomita ziandikwe, hitilafu ziandikwe, fedha ziandikwe. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko matangazo yote ya wauzaji. Chama kinunue betri zake chenyewe, kijenge paa la paneli kwenye parkingi, na wanachama wabadilishane betri zilizo mali yao.

Asikubali mtu kununua pikipiki ya umeme ambayo betri yake haifunguki, ambayo vipuri vyake havipatikani karibu kuliko Kampala, au inayotumia betri za risasi zinazokufa upesi. Betri nzuri ya lithiamu na chuma huhimili kuchajiwa mara 2,000 au zaidi, yaani miaka mitano na kitu kwa anayechaji kila siku. Muuzaji asiyeweza kuandika dhamana ya hilo kwenye karatasi aachwe na mali yake.

Shule za ufundi za Aru na Bunia ziweke somo la betri na mota kwenye idara za umeme na makanika. Serikali ya jimbo, ambayo tangu Mei 2021 iko chini ya utawala wa kijeshi na ina vita vya kushughulikia Djugu na Irumu, inaweza kuona jambo hili ni dogo. Lakini kijana mwenye kazi mkononi ni vigumu kushikishwa bunduki, na kuamua jinsi ya kusajili pikipiki za umeme na jinsi ya kuzuia betri mbovu forodhani hakuhitaji jeshi. Kunahitaji ofisa mmoja makini na kipimo mezani. Makadhafi nao wasisahauliwe: wanaouza chupa za esansi leo ndio wanaojua kona zote zenye wateja, na ndio wanaofaa kuwa wa kwanza kufundishwa kuuza umeme kwenye kona hizo hizo.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwa kasi, injini ya mafuta imeshashindwa, na mpenzi wa kweli wa mbio anajua kumpa mkono aliyeshinda. Kwa uhakika wa barabara ya Ingbokolo, bado inaongoza, na itaendelea kuongoza mpaka siku fundi wa Aru atakapoweza kuifungua betri, kuitengeneza na kuifunga tena kwa mikono yake. Siku hiyo haina tarehe. Itakuja mapema au itachelewa kulingana na nani ataanza kujifunza mwaka huu.